Mwaka matumbawe yalipopauka: kisa cha mtandao wa watafiti wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi

Kati ya Machi na Mei 1998, kaskazi ikiwa imekwisha na bahari imetulia chini ya jua kali, maji ya pwani ya Afrika Mashariki yalipata joto ambalo matumbawe hayakuweza kulistahimili. Tumbawe ni mnyama, na sehemu kubwa ya chakula chake hutengenezwa na vimwani vidogo mno vinavyoishi ndani ya mwili wake; vimwani hivyo ndivyo vinavyolipatia tumbawe rangi. Joto likizidi, tumbawe huvitoa, hubaki jeupe, na maji yasipopoa upesi hufa kwa njaa. Mwaka ule maji hayakupoa upesi. Inakadiriwa kuwa karibu 16% ya miamba ya matumbawe duniani iliharibika katika tukio hilo moja, na Bahari ya Hindi iliumia vibaya sana. Visiwa vya ndani vya Shelisheli vilipoteza zaidi ya 90% ya matumbawe hai.

Kwetu Tanzania hali haikuwa sawa kila mahali. Mwamba wa Tutia, kusini mwa Mafia, na miamba ya Misali, Pemba, iliumia vibaya. Ile ya Bawe na Changuu, mkabala na mji wa Zanzibar, ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Kwa nini Tutia ife na Changuu ipone? Je, ni mikondo ya maji, ni aina ya matumbawe, ni kina, au ni kwamba matumbawe ya Changuu yalikwisha zoea maji machafu na joto la kila siku? Mtu wa Mafia hawezi kulijibu swali hilo peke yake, wala mtu wa Unguja. Panahitajika pia mtu wa Kisite kule Kenya, wa Cabo Delgado kule Msumbiji, wa kisiwa cha Mayotte na wa Mahé kule Shelisheli, kila mmoja akiwa amepima kabla na baada, tena kwa namna inayolinganishika.

Ninachokichambua hapa ni jinsi watafiti wa ukanda huu walivyotoka kwenye madaftari yaliyotawanyika wakafika kwenye hesabu moja ya ukanda mzima, kazi iliyochukua takriban miaka ishirini. Hoja yangu naitanguliza: kilichowafunga pamoja ni makubaliano juu ya vipimo na juu ya nani mwenye data. Mikutano ilisaidia na fedha zilisaidia, lakini mitandao mingi yenye mikutano na fedha imekufa, na huu ungali hai.

Kilichokuwepo kabla ya joto

Husimuliwa kwamba janga la 1998 ndilo lililozaa ushirikiano huu. Kweli ni kwamba janga lilikuta mizizi. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa Unguja tangu 1978. Mwaka uliofuata Kenya ikaanzisha KMFRI, taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, yenye makao Mombasa. Mkataba wa Nairobi wa kulinda mazingira ya bahari na pwani ulisainiwa 1985 na kuanza kutumika 1996. Mwaka 1993 watafiti wenyewe waliunda WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, wakakiweka Zanzibar. Kilikusudiwa kuhudumia Somalia, Kenya, Tanzania, Msumbiji, Afrika Kusini, Komoro, Madagaska, Shelisheli, Morisi na Réunion ya Ufaransa.

Tanga ilikuwa na jambo lake la pekee. Kuanzia 1994 mradi wa hifadhi ya pwani, ukisaidiwa kitaalamu na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, na kugharamiwa na Ireland, ulikaa na vijiji vilivyokuwa vimechoshwa na uvuvi wa baruti. Wanavijiji wakafundishwa kuikagua miamba yao wenyewe na kuandika wanachokiona. Kusini mwa Kenya, wavuvi wa Diani na Chale nao walishirikishwa katika kurekodi samaki wanaovuliwa. Hawa hawatajwi mara nyingi historia ya mtandao inapoandikwa, na naona ni kosa, kwa sababu wao ndio walioonyesha mapema kwamba kipimo rahisi kinachorudiwa kila msimu kina thamani kuliko kipimo cha hali ya juu kinachofanywa mara moja.

Kwa hiyo maji yalipopata moto, watu walikuwapo na majina walikuwa wanajuana. Hawakuwa na kazi moja inayowalazimisha kuweka namba zao kwenye jedwali moja.

Mwaka 1999 ilianzishwa CORDIO, mpango wa kufuatilia uharibifu wa matumbawe katika Bahari ya Hindi. Mwanasayansi wa Sweden, Olof Lindén, alikuwa miongoni mwa waanzilishi, fedha nyingi za mwanzo zilitoka Sweden kupitia Sida, shirika lake la misaada, na wafadhili wengine, na upande wa Afrika Mashariki kazi iliongozwa kutoka Mombasa na David Obura, ambaye mwaka 2023 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa IPBES, jopo la kimataifa la sayansi ya bioanuwai. Mpango huo ulihusisha pia India, Sri Lanka na Maldives. Ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka uleule wa 1999.

Uamuzi mmoja wa mwanzoni nauhesabu kuwa muhimu kuliko mingine. Fedha zilielekezwa kwa watu waliokuwa tayari kwenye taasisi za nchi zao, waendelee kuipima miamba waliyokuwa wakiipima. Mtafiti wa Unguja alibaki Unguja na wa Maputo alibaki Maputo. Kilichoongezwa juu ya kazi yao ni wajibu wa kuandika sura yao katika ripoti ya pamoja. Mtandao unaowahamisha watu kutoka kwenye taasisi zao huzinyonya taasisi hizo, na mradi ukiisha hakuna wa kurudi nyumbani.

Utepe wa mita kumi

Hapa nitakaa, maana ndipo ushirikiano mwingi unapovunjikia bila mtu kugundua.

Mzamiaji anatandaza utepe wa mita 10 juu ya mwamba. Anaufuata polepole, mkononi ana kibao cha plastiki na penseli iliyofungwa kwa kamba ili isielee. Kila kilicho chini ya utepe anakiandika pamoja na kinapoanzia na kinapoishia: tumbawe gumu, tumbawe laini, mwani, sifongo, mchanga, vipande vilivyovunjika. Akipanda juu anajumlisha na kupata asilimia ya mwamba iliyofunikwa na tumbawe hai. Mwenzake wa nchi nyingine hafuati utepe wote. Anaangalia nukta tu, kila baada ya umbali fulani, chini yake kuna nini. Wa tatu anapiga picha za miraba na kuzihesabu kwenye kompyuta ofisini. Kwa tumbawe gumu lililo hai, njia hizi tatu hukaribiana vya kutosha, na hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye tumbawe lililokufa. Wiki chache baada ya kufa, mifupa yake huota mwani mfupi, laini, wa rangi ya udongo. Mtu mmoja ataandika "tumbawe lililokufa", kwa kuwa anafuatilia vifo. Wa pili ataandika "mwani", kwa kuwa ndio anaouona. Wa tatu ataandika "mwamba mtupu", kwa kuwa mwani ule ni mfupi mno kwa mwongozo alioufunzwa. Wote watatu wako sahihi kwa kanuni zao. Ziweke namba zao kwenye jedwali moja, na ramani itakuonyesha mwani ukiongezeka ghafla ukivuka mpaka kutoka Vanga ya Kenya kuja Moa ya Tanzania, ilhali kilichobadilika ni mwandishi.

Suluhisho lililotumika lilikuwa la unyenyekevu. Badala ya kumlazimisha kila mtu aache mwongozo wake na kuanza upya, jambo ambalo lingeua mfululizo wa miaka ya nyuma, walikubaliana kupeleka juu makundi mapana tu ambayo kila timu iliweza kuyatoa kwa uaminifu. Undani ulibaki kwa mwenye kazi. Hivyo ripoti za ukanda zikasimama juu ya vitu vichache: tumbawe gumu, mwani, na baadhi ya samaki.

Suluhisho hili lina gharama, na wanaolisifu wangefaa kuitaja. Matumbawe yenye matawi ya jamii ya Acropora hufa mapema joto likija. Yale mazito ya mviringo ya Porites huvumilia zaidi. Mwamba unaweza kurudi kwenye asilimia yake ya zamani huku ukiwa umebadilika kabisa wakazi wake, na pamoja nao mapango ya samaki yakapotea. Kundi pana la "tumbawe gumu" halikuonyeshi hilo. Aliyekubali jedwali pana amekubali kuona umbali mrefu na kupoteza sehemu ya undani, na kazi ya undani lazima iendelee pembeni. Bado naamini walichagua sawa. Wangengoja mwongozo mmoja kamili ukubalike kutoka Mogadishu hadi Durban, joto jingine lingewakuta mezani wakibishana.

Data ni ya nani

Kikwazo cha pili kilikuwa kigumu zaidi kwa sababu hakihusu bahari. Data nyingi zilikaa kwenye kompyuta za watu binafsi. Mwanafunzi wa uzamivu hataki kutoa namba kabla hajachapisha. Ofisa wa hifadhi anahofia kuulizwa kwa nini mwamba ulio chini ya ulinzi wake umeporomoka. Mtafiti aliyesota miaka kumi na chupa za hewa za kukodi ameona zaidi ya mara moja wageni wakija wiki tatu, wakiondoka na data, na makala ikatoka bila jina lake. Hofu hizo zina msingi. Anayeziita ubinafsi hajaelewa jinsi kazi hii inavyofanywa huku.

Juu ya hapo palikuwa na kambi mbili. Visiwa vilikuwa na mtandao wake chini ya Tume ya Bahari ya Hindi, chombo cha Komoro, Madagaska, Morisi, Shelisheli na Ufaransa kwa ajili ya Réunion, na kazi nyingi ziliandikwa kwa Kifaransa. Bara lilikuwa na taasisi zake, zikiandika kwa Kiingereza, na Msumbiji kwa Kireno. Mtafiti wa Moroni, mji mkuu wa Komoro, na wa Mtwara wako kwenye bahari moja, pengine wangeelewana kwa Kingazija na Kiswahili wakikaa kwa kahawa, lakini ripoti zao hazikuwa zikikutana.

Zilikutana kikamilifu mwaka 2017, katika ripoti ya hali ya miamba ya matumbawe ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi, iliyotolewa chini ya mtandao wa dunia wa ufuatiliaji wa matumbawe, GCRMN, kwa kushirikiana kwa Tume ya Bahari ya Hindi na CORDIO na fedha za Umoja wa Ulaya. Muundo wa ripoti ile ndio jibu la swali la umiliki. Mbele kuna sura ya ukanda mzima, nyuma kuna sura za nchi, kila moja ikiwa na majina ya watu wa nchi hiyo. Aliyetoa data aliiona imekaa kwenye mstari wake, chini ya jina lake, na wakati huohuo ikifanya kazi kwenye mchoro mkubwa. Jina linalindwa pale linapochapishwa. Maneno ya shukrani mwishoni mwa andiko hayatoshi.

Matokeo ya sura ya mbele yalikuwa mazito: kwa ukanda mzima, eneo lililofunikwa na tumbawe hai lilishuka kwa takriban robo baada ya 1998 na halikurudi lilipokuwa, huku mwani ukiongezeka. Hakuna nchi iliyoweza kuligundua hilo peke yake, kwa sababu ndani ya nchi moja kila mara utapata mwamba uliopona wa kukutuliza.

Desemba 2021 watafiti wa ukanda wakaenda mbele zaidi. Waliigawa miamba yote, kilomita za mraba 11,919, takriban 5% ya miamba ya matumbawe duniani, katika maeneo 11 ya kiikolojia, wakayapima kwa vigezo vya Orodha Nyekundu ya Mifumo Ikolojia ya IUCN, inayoonyesha mfumo upi uko karibu kiasi gani na kuporomoka. Vipimo vilikuwa joto la baadaye, tumbawe gumu, mwani, na makundi mawili ya samaki ambayo kila mvuvi wa pwani anayajua: pono, wanaokula mwani na kuusafisha mwamba, na chewa, ambao huadimika mapema pale uvuvi unapozidi. Jibu lilikuwa kwamba maeneo yote 11 yako kwenye hatari ya kuporomoka ndani ya miaka 50. Visiwa kama vya Mascarene (Morisi, Réunion na jirani zao) na Komoro vilitajwa kuwa hatarini kabisa kwa sababu ya joto. Pwani ya bara, kuanzia Kenya kwenda kusini, iliwekwa kwenye hatari hasa kwa sababu ya kuvuliwa kupita kiasi.

Tofauti hiyo ya sababu ndiyo faida halisi ya mtandao. Waziri wa Moroni na waziri wa Dodoma wakiambiwa tu "matumbawe yanakufa", watafanya mambo yaleyale. Wakiambiwa kwamba kwa mmoja tishio kubwa ni joto na kwa mwingine ni nyavu, kila mmoja anajua aanzie wapi.

Upande wa watu

WIOMSA ilikuwa inafanya kazi isiyoonekana sana lakini bila yake data zisingepata wenyewe. Kuanzia 2000, kwa fedha za Sida, programu ya MASMA ilitoa ruzuku za utafiti na kupendelea maandiko yanayounganisha watafiti wa nchi zaidi ya moja. Ruzuku ndogo za MARG zikampeleka kijana aliyemaliza shahada ya uzamili kuwasilisha kazi yake mbele ya watu ambao kesho angeandika nao. Kongamano la kisayansi linazunguka: Dar es Salaam 2017, Morisi 2019, Gqeberha ya Afrika Kusini 2022. Jarida la WIOMSA lilianza 2002. Kwa miaka mingi Katibu Mtendaji alikuwa Julius Francis, Mtanzania. Kudumu kwa ofisi kwenye mikono inayojulikana ni jambo ambalo maombi ya fedha hayalitaji, ingawa mtafiti wa Toliara, Madagaska, akiwa na tatizo anahitaji kujua nani atapokea simu.

Palipo na nyufa

Fedha za kuunganisha bado zinatoka nje. Mishahara ya watafiti hulipwa na serikali zao, lakini mafuta ya boti, kujaza chupa za hewa, tiketi za kukutana na mtu wa kusafisha jedwali hutegemea mradi, na mradi huwa wa miaka mitatu au minne. Mwamba unahitaji kupimwa kila mwaka, mwezi uleule. Mradi ukikatika, mfululizo unatoboka, na tundu hilo haliwezi kuzibwa baadaye kwa fedha zozote.

Ramani nayo ina maeneo matupu. Somalia, yenye pwani ndefu kuliko wengi wetu, ina data chache sana. Cabo Delgado, ambako wengi walitarajia miamba yenye afya inayoweza kuwa akiba ya ukanda, imekuwa ngumu kufikika tangu mashambulizi yalipoanza Oktoba 2017.

Vibali ni mzigo mwingine. Mtafiti wa Kenya anayetaka kupima upande wa Tanzania atapita COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, na akivuka kwenda Zanzibar atahitaji kibali cha huko. Mtanzania anayekwenda Kenya atapita NACOSTI, tume ya huko ya sayansi. Kila nchi ina haki ya kujua nani anachukua nini kwenye maji yake. Lakini joto la bahari huja na kuondoka ndani ya wiki chache, na kibali kinachotoka baada ya miezi mitatu kimekuja kuhesabu mifupa. Ukanda huu unahitaji kibali cha dharura cha kupima bila kuchukua sampuli, kinachotambuliwa na nchi zote zilizo kwenye Mkataba wa Nairobi.

Ufa unaonisumbua kuliko yote ni wavuvi. Vijiji vya Tanga na Diani vilishiriki tangu mwanzo, lakini hesabu zilivyokua, njia ya kurudi ikafifia. Ripoti za 2017 na 2021 ziliandikwa kwa lugha ya wanasayansi. Kamati ya BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, pale Kigombe au Vanga ingefaidika na ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye mambo matatu: tumbawe la mwamba wao ni asilimia ngapi leo na lilikuwa ngapi zamani, pono na chewa wamepungua kiasi gani, na mwamba wa jirani uliofungwa kwa uvuvi unasemaje. Data za kuandika ukurasa huo zipo tayari. Anayekosekana ni mtu ambaye kuuandika ni sehemu ya kazi yake anayolipwa.

Aprili 2024 dunia ilitangaziwa tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Safari hii ukanda una vituo vinavyojulikana, makundi ya vipimo yaliyokubaliwa, na tahadhari zinazotumwa msimu wa joto unapokaribia ili wazamiaji, walinzi wa hifadhi na waongoza watalii watoe taarifa za wanachokiona. Tena, mfumo wa Kunming-Montreal, makubaliano ya dunia ya kulinda bioanuwai yaliyopitishwa Desemba 2022, unazitaka nchi ziripoti kwa Orodha Nyekundu ya Mifumo Ikolojia, kwa hiyo kile ambacho watafiti walikifanya kwa hiari yao sasa ni deni la serikali. Nchi inayodaiwa ripoti ina sababu ya kuweka kifungu cha kupima miamba kwenye bajeti yake ya kawaida, kando ya mafuta ya boti za doria. Wizara za uvuvi na mazingira za Tanzania Bara, Zanzibar na Kenya zinaweza kuanza na vituo vichache vilivyokwisha pimwa tangu miaka ya tisini, Tutia na Misali vikiwemo, na kuvilipia kila mwaka bila kungoja mfadhili.